Waende Wawili

Hata hapa Nyangoto nasikia zikisifiwa dawa za Kihindi za kupevusha yai, ziitwazo Ayurveda. Sina ugomvi na mitishamba. Shatavari, mzizi wanaousifu kwa uzazi, mmea wake huota hata Afrika.

Hoja yangu ni hii: mbona anayenyweshwa ni mwanamke peke yake? Nimekaa vikao vingi vya ukoo kuhusu ugumba. Sijasikia hata kimoja kikimwambia mwanamume akapimwe. Mke asipozaa, huambiwa aoe mwanamke mwenzake, nyumba ntobhu, amzalie. Mume hubaki kivulini. Kumbe karibu nusu ya ndoa zisizopata mtoto, tatizo liko kwa mume pia. Na kisonono kisichotibiwa huziba mirija, mzizi hauizibui.

Tena utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulipima dawa 70 za Ayurveda za madukani huko Boston, Marekani. 14 zikakutwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Sisi tulioishi na wachimbaji tunaijua zebaki: hukamata dhahabu, hainywewi.

Mwaka ukipita bila mimba, nendeni hospitali wawili. Mtoto hatafutwi na mmoja.