Wachezaji waachwe waazimane magari

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, kijijini kwetu palikuwa na baiskeli moja ya kutegemewa, nayo ilikuwa mali ya mwalimu wetu wa hesabu. Aliyekuwa na mgonjwa wa kupeleka zahanati, au gunia la mahindi la kupeleka kinuni, alibisha hodi kwa mwalimu naye akapewa. Masharti yalikuwa mawili tu: irudi kabla ya magharibi, na ikipata pancha, aliyeipanda ndiye wa kuiziba. Sikumbuki hata siku moja kumsikia mwalimu akilalamika kwamba haikurejeshwa.

Baiskeli hiyo imenijia akilini kutokana na mkasa uliompata mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya upili. Wakati wa likizo yeye na wenzake watatu hushiriki mchezo mmoja wa mbio za magari katika mtandao, ambapo pointi za wanatimu wote hujumlishwa. Mpwa wangu alikuwa na magari mawili ya kasi, aliyoyapata kwa kucheza likizo baada ya likizo. Mwenzake mmoja, ambaye wazazi wake hawana hela za kuchezea, alikuwa na kigari cha mwanzo kabisa. Timu ikawa inashindwa kila jioni.

Mchezo huo haukuwa na njia ya kumwazima mwenzake gari lile la pili. Basi kijana akafanya alichoona ni uungwana: akampa neno lake la siri. Yule mwenziwe akalitumia katika mkahawa wa mtandao. Siku chache baadaye akaunti ilifungwa kwa sababu kanuni zinakataza watu wawili kuitumia akaunti moja. Magari yote mawili yakaenda, na urafiki ukaingia doa. "Mjomba, kosa langu ni lipi?" aliniuliza. "Nilikuwa namsaidia mwenzangu."

Nilimjibu kwamba kosa lake ni kutoa neno la siri, na jibu hilo silirudishi nyuma. Hata hivyo, kila nikilitafakari jambo hili naona lipo kosa jingine lisilo la mtoto huyu. Waundaji wa michezo humfundisha kijana kushirikiana na timu, kisha wakamnyima njia halali ya kushirikiana. Ni maoni yangu kwamba wachezaji wa timu moja yafaa waruhusiwe kuazimana magari, vifaru, merikebu na vyombo vinginevyo, chini ya masharti yanayoeleweka.

Kwa manufaa ya mwalimu ambaye hajawahi kuiona michezo hii, nitatoa mfano. World of Tanks ni mchezo wa vita vya vifaru ulioanza mwaka wa 2010, kazi ya kampuni ya Wargaming iliyoasisiwa Minsk, nchini Belarus. Katika pambano la kawaida, timu mbili za wachezaji kumi na watano kila moja hukabiliana. Mchezaji huanza na kifaru duni, akapanda ngazi kidogo kidogo kwa jasho lake. Vipo pia vifaru vinavyonunuliwa kwa fedha halisi. Mwenye vifaru ishirini hupigana na kimoja tu kwa wakati mmoja, na vile kumi na tisa vikabaki gerejini. Mwenzake aliye karibu naye, anayehitaji kimoja tu kati ya hivyo, hawezi kukabidhiwa.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja zao, na si haki kuzipuuza. Wanasema kwanza kwamba kampuni huishi kwa kuuza magari. Iwapo mmoja atanunua na kumi wakaendesha, mishahara ya wafanyakazi itatoka wapi? Pili, wanasema kwamba mlango ukifunguliwa, matapeli nao wataingia, na watoto wataporwa mali zao kwa jina la kuazimana. Tatu, mgeni asiyejua usukani akipewa chombo cha ngazi ya juu ataiangusha timu nzima, wakiwemo wale ambao hawakushauriwa.

Hoja ya utapeli ndiyo yenye uzito zaidi. Katika Rocket League, mchezo ambao magari hucheza soka, wachezaji waliwahi kuruhusiwa kubadilishana baadhi ya mali, zikiwemo aina fulani za magari. Tarehe 5 Desemba 2023 ruhusa hiyo iliondolewa. Lakini hapa ndipo lugha yetu inapotusaidia kupambanua mambo. Mswahili hachanganyi kubadilishana, kukopa na kuazima. Ukibadilishana, mali imehama. Ukikopa kibaba cha unga, utarudisha kibaba kingine, si unga ule ule. Ukiazima jembe, unarudisha jembe lile lile, na tangu mwanzo hadi mwisho mwenye jembe anajulikana. Tapeli hupata upenyo pale mali inapohama. Mahali ambapo gari haliwezi kuuzwa wala kutolewa na aliyeliazima, na ambapo seva yenyewe hulirejesha kwa mwenyewe pambano linapokwisha, tapeli atakimbia na nini?

Asiseme mtu kwamba jambo hili haliwezekani kiufundi. Wargaming yenyewe imewahi kuwapa wachezaji vifaru vya muda, ambavyo hutoweka gerejini siku zilizowekwa zikiisha. Kinachowezekana baina ya kampuni na mchezaji kinawezekana pia baina ya mchezaji na mwenzake.

Wako hata waliokwisha kujaribu. Katika Grand Theft Auto Online, mchezo wa mwaka wa 2013 ambao ni wa watu wazima wala simpendekezei mwanafunzi, mwenye gari huamua ni nani anayeruhusiwa kuliingia: marafiki, kila mtu, au asiwepo yeyote. Aidha, mchezaji akiliharibu gari la mwingine lenye bima, yeye ndiye hutozwa gharama. Hii ni ile sheria ya pancha ya mwalimu wetu wa hesabu, iliyoandikwa upya kwa lugha ya tarakilishi.

EVE Online, mchezo wa merikebu za angani ulioanzishwa na kampuni ya CCP ya Iceland mwaka wa 2003, umekwenda mbali zaidi. Humo wachezaji huunda mashirika yenye maghala ya pamoja, na viongozi huamua ni nani wa kuchukua merikebu ipi. Merikebu ikilipuliwa imepotea moja kwa moja. Mnamo Januari 2014, katika pambano moja lililodumu kwa muda wa saa zipatazo ishirini na moja, merikebu 75 za aina kubwa kuliko zote ziliteketea, na hasara yote ilikadiriwa kufikia dola 300,000 za Marekani au zaidi. Usaliti nao upo. Mwaka wa 2009 muungano mkubwa ulioitwa Band of Brothers ulivunjwa kutoka ndani na kiongozi wake mmoja aliyejiunga na mahasimu. Ni kweli kwamba imani iliumia siku hiyo. Lakini wachezaji hawakuacha kuaminiana kwa sababu hiyo. Wengi walijifunza kuchagua kwa makini zaidi mtu wa kukabidhiwa ufunguo.

Lipo pia funzo kutoka kwa duka la michezo la Steam. Mpango wake wa familia, uliozinduliwa rasmi mwaka wa 2024, huwaruhusu watu hadi sita wa nyumba moja kutumia michezo ya kila mmoja wao. Hata hivyo, mwanafamilia akifanya udanganyifu katika mchezo ulionunuliwa nawe, wewe pia utapigwa marufuku katika mchezo huo. Wengine wataona sharti hili ni kali. Mimi naona linamkumbusha mwenye mali kwamba kuazima si kutupa. Lazima amjue anayempa.

Basi masharti yangu ni haya. Gari liazimwe ndani ya timu tu, kwa pambano moja au siku moja, kisha lirudi lenyewe. Hasara iwe juu ya mwendeshaji. Asipewe chombo cha ngazi ya juu yule ambaye hajafikia uzoefu wa ngazi iliyo chini yake. Hapo hoja ya mgeni na usukani itakuwa imejibiwa. Fedha zisipite mikononi kabisa, kwani kuazima kwa malipo ni kukodisha. Nayo kampuni isiogope njaa. Kijana aliyeonja gari zuri kwa jioni moja ndiye atakayelitamani la kwake, naye asiye na uwezo wa kulinunua hakuwa mteja hata kabla ya hapo.

Najua baadhi ya walimu watauliza kwa nini napoteza wino kwa michezo ya watoto. Nawajibu kwamba watoto wetu wako humo, tutake tusitake, na humo wanajifunza tabia. Shuleni tunamhimiza mwanafunzi amwazime mwenziwe kitabu cha kiada, rula na kikokotoo. Akiufungua mchezo jioni anaambiwa kwamba chake ni chake peke yake, na kwamba njia pekee ya kumwinua mwenzake ni kumshauri amwombe baba yake hela zaidi. Mafunzo haya mawili yanagongana katika moyo wa mtoto mmoja.

Kwa wanafunzi nina neno moja. Hadi siku waundaji wa michezo watakapoisikia hoja hii, msitoe maneno yenu ya siri, hata kwa rafiki wa chanda na pete. Neno la siri si gari la kuazima. Ni ufunguo wa nyumba nzima. Ukitaka kumsaidia mwenzako, keti naye, umwonyeshe jinsi ya kukata kona, na ushuke nawe ngazi ya chini mwendeshe vigari vya mwanzo pamoja.

Mpwa wangu ndivyo anavyofanya sasa. Ameanza upya na kigari kama cha mwenzake, nao wamepatana. Bado wanashindwa jioni nyingi, na magari yale mawili hayatarudi. Laiti angepewa njia ya kuazima kwa uwazi, kama tulivyopewa sisi kwa mwalimu wetu wa hesabu, asingelazimika kuazima kwa kificho.