Man United: Kelele zilikuwa za mabeki watatu, shimo lilikuwa kati

Enzi za Ruben Amorim, Man United ikifungwa, vijiweni hoja ilikuwa ile ile: aachane na mabeki watatu. Jumapili, Septemba 14, 2025, ililala 3-0 kwa Manchester City. Mechi nne za ligi, ilikuwa na pointi 4. Kocha aligoma, 3-4-3 haikuguswa.

Ila mabeki watatu wenyewe si ugonjwa. Chelsea ya Antonio Conte ilibeba ubingwa 2017 kwa 3-4-3. Lakini pale kati walisimama N'Golo Kante na Nemanja Matic, watu wa kukaba na kukimbia. United pale kati ilimpanga Bruno Fernandes, mtu aliyepiga mabao 19 msimu wa 2024/25, halafu ikamtaka awe mlinzi. Bao la kwanza la City lilisema yote: Phil Foden alimponyoka Bruno, akaingia boksi, akamaliza kwa kichwa.

Kwa nini Bruno alikuwa huko chini? Matheus Cunha na Bryan Mbeumo walinunuliwa kwa nafasi mbili za nyuma ya straika, zake zikaisha. Na hapo ndipo Kobbie Mainoo alipokwama benchi, maana nafasi aliyoigombea ilikuwa ya nahodha. Mashabiki waliimba jina la dogo, wachache walitaja nani atoke.

Jumamosi iliyofuata Chelsea ilikuwa inatua Old Trafford. Wangewapanga Moises Caicedo, Enzo Fernandez na Cole Palmer, kati ingekuwa watatu kwa wawili, na mmoja wa hao wawili angekuwa Bruno.