Mimba Ina Wiki Ngapi?

Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, alifika kwangu Mbalizi akiwa na picha mbili za utrasaundi zilizokunjwa ndani ya kadi yake ya kliniki. Ya kwanza alipigwa mimba ikiwa ya miezi mitano, ya pili ikiwa ya miezi minane, kila moja kituo chake. Ile ya mwanzo ilimpa mwishoni mwa Machi, ya baadaye katikati ya Aprili. "Shemeji, nishike ipi?" aliniuliza. Kwao ni juu Umalila, na mvua ikikolea, barabara ya Shigamba huwa tope ambalo bodaboda hawezi kulipita. Asiyejua siku zake hajui ateremke lini kuja kungojea karibu na hospitali. Katika vituo vyote viwili hakuna aliyemweleza kwa nini tarehe zimepishana, wala ipi ina uzito kuliko nyingine.

Alipaswa kushika ya kwanza. Sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Tunapokizungumzia kipimo hiki, iwe bungeni, kwenye vikao vya halmashauri au kijiweni, swali huwa moja: mashine ipo au haipo? Ni swali la haki, kwa kuwa kwa miaka mingi mama wa Isuto au Santilya alilazimika kushuka mlima mzima ndipo akipate. Lakini tumeliacha nyuma swali lenye uzito zaidi, nalo ni hili: mashine inamkuta mama mimba ikiwa ya wiki ngapi?

Utrasaundi haina mionzi kama eksirei. Ni sauti nyembamba mno ambayo sikio halisikii, inayotumwa tumboni na kurudi kama mwangwi wa mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Ian Donald, daktari wa uzazi wa Glasgow, alianza na mashine ya kiwandani iliyotumika kutafuta nyufa ndani ya vyuma, na mwaka 1958 yeye na wenzake John MacVicar na Tom Brown wakachapisha matokeo yao katika jarida la Lancet. Mimba ikiwa changa, mpimaji huangalia urefu wa mtoto kuanzia utosini hadi makalioni. Katika miezi mitatu ya mwanzo watoto wote, wa Mbalizi kwa wa Stockholm, hukua karibu kwa mwendo mmoja, hivyo tarehe inayopatikana hukosea kwa siku 5 hadi 7 tu. Kufikia wiki ya 20 kosa huwa kama siku 10. Baada ya wiki ya 28 linaweza kufika wiki 3, mbele au nyuma, kwa sababu wakati huo kila mtoto ameshachukua umbo lake: yupo wa kilo nyingi na yupo mwembamba, na wote wana umri mmoja. Mashine haioni umri. Inaona ukubwa, na kwa ukubwa huo inakisia umri.

Ukisiaji huo una hatari ya pekee kwetu sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Tunalima mahindi, viazi, maharage na ndizi hadi tunalisha mikoa mingine, lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, ilhali kwa nchi nzima ni karibu theluthi moja. Udumavu mara nyingi huanzia tumboni. Sasa chukua mtoto ambaye hakui vizuri ndani ya tumbo la mama yake, mpige picha ya kwanza mwezi wa nane: mashine itasema mimba bado changa. Aliyekuwa na shida atahesabiwa kuwa na afya, ila mdogo wa umri. Mama ataambiwa arudi nyumbani asubiri, wakati alipaswa kulazwa siku ile ile.

Wapo wanaosema hedhi ya mwisho inatosha kuhesabia. Kwa mama anayeandika siku zake, inasaidia sana. Lakini wengi wetu tunahesabu kwa shamba. Muuguzi akiuliza lini mara ya mwisho, mama hujibu kwamba ilikuwa wakati wa kupalilia, au kabla ya kuvuna maharage. Mwingine alishika mimba akiwa bado ananyonyesha, hedhi haijarudi. Mwingine ametoka kwenye sindano za uzazi wa mpango, na siku zake zilikuwa zimevurugika kwa miezi. Hawa hawadanganyi wala hawajazembea. Miili yao haikuwapa tarehe ya kutaja.

Kwamba tarehe ni suala la uhai, ushahidi wenye nguvu zaidi ninaoufahamu unatokana na dawa moja tu. Mama anayekaribia kujifungua njiti huchomwa sindano ya deksamethasoni ili kukomaza mapafu ya mtoto. Nchi tajiri zimeitumia dawa ya aina hiyo kwa miongo. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, kwenye jamii ambazo kwa kawaida hazikuwa na utrasaundi. Umri wa mimba ulikadiriwa kwa hedhi ya mwisho au kwa kupima kimo cha tumbo kwa futi ya kitambaa. Karibu watoto laki moja walizaliwa ndani ya jaribio hilo. Vifo vya watoto wachanga havikupungua. Viliongezeka, kutoka takriban 24 hadi 27 katika kila watoto 1,000, na wengi wa akina mama waliochomwa sindano walijifungua watoto ambao hawakuwa wadogo hata kidogo.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani likatoa matokeo ya jaribio jingine, katika hospitali 29 za Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh. Dawa ilikuwa ile ile. Safari hii umri wa mimba ulithibitishwa kwa utrasaundi, na waliochomwa ni wale tu waliokuwa kati ya wiki ya 26 na ya 33. Vifo vilishuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Sitadai kwamba tarehe peke yake ndiyo iliyoleta tofauti hiyo. Hospitali hizo pia zilikuwa na uwezo wa kuwahudumia njiti baada ya kuzaliwa. Ila daktari asiyejua wiki hawezi kujua amchome nani.

Hata sheria sasa inahesabu wiki. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025, yaliyopiganiwa kwa miaka na wanaharakati wa watoto njiti wakiongozwa na Taasisi ya Doris Mollel, yalimwongezea mama mwajiriwa aliyejifungua njiti likizo hadi zitimie wiki 40 za ujauzito. Ni ushindi mzuri. Lakini mtoto akizaliwa na kilo moja na nusu, na mama hakuwahi kupimwa mapema, nani atathibitisha kama ni njiti au ni mtoto wa miezi tisa aliyedumaa tumboni?

Upande wa pili wa hoja hii, wa wanaosema mashine peke yake haiokoi maisha, nauheshimu, na una takwimu zake. Kati ya tafiti zote, inayowatetea zaidi ilifanyika Kongo, Kenya, Zambia, Guatemala na Pakistan, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2018. Wauguzi na watumishi wengine wa vituo vya vijijini walifundishwa kupiga utrasaundi, na kila mama akapangiwa vipimo viwili, kimoja wiki ya 18 hadi 22, kingine wiki ya 32 hadi 36. Maeneo yaliyopata mashine yalilinganishwa na yasiyopata. Hapakuwa na tofauti katika mahudhurio ya kliniki, katika kujifungulia hospitali kwa waliogundulika na matatizo, wala katika vifo vya mama na mtoto. Marekani nako, utafiti wa mwaka 1993 uliohusisha wajawazito zaidi ya 15,000 wasiokuwa na dalili ya tatizo haukuona kwamba utrasaundi ya kila mama ilipunguza vifo au maradhi ya watoto.

Kuna wanaotaja Nawanyago, kituo cha afya kule Kamuli nchini Uganda, ambako mashine ilipoletwa akina mama waliongezeka kliniki na katika kujifungulia kituoni. Ni kweli, na inatia moyo. Lakini kile ni kituo kimoja, kilicholinganishwa na siku zake za nyuma. Ukiweka mizani, utafiti wa nchi tano unalemea. Mashine ikimwonyesha mama kwamba kondo la nyuma limetangulia, na hakuna gari, hakuna damu benki, hakuna chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku, ameongezewa hofu tu. Kwetu, simu ya bure 115 ya mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, na kitanda kule hospitali ya Meta jijini Mbeya, vinaokoa mama anayetoka damu kuliko picha yoyote.

Kwa hiyo mimi sidai utrasaundi nyingi. Nadai moja, ya mapema. Ndivyo Shirika la Afya Duniani lilivyopendekeza mwaka 2016: kipimo kimoja kabla ya wiki ya 24, kwa ajili ya kupata umri wa mimba, kugundua pacha, na kuona kasoro za maumbile mapema. Likaongeza kwamba mama aliyekwisha kupimwa hivyo hana haja ya kupimwa tena baadaye kama utaratibu wa kawaida, isipokuwa pakiwa na sababu ya kitabibu. Kwetu mambo yamegeuka: mama wengi hutafuta picha mwezi wa saba au wa nane, kujua kama ni wa kike au wa kiume na amekaaje. Hela ya mbolea inaishia hapo. Na mama huyo huyo huenda hajapimwa mkojo wala shinikizo la damu, vipimo vya bei ndogo vinavyonasa kifafa cha mimba kabla hakijamwangusha.

Kwa nini wanachelewa? Utafiti ule wa kitaifa wa 2022 ulikuta ni asilimia 34 tu ya wajawazito wa Tanzania walioanza kliniki ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, ingawa karibu wote hufika walau mara moja. Bibi zetu walitufundisha kutotangaza mimba changa, kwa kuogopa kijicho na kwa kuchelea kuharibika. Hilo lina hekima yake na sitalidharau. Lipo lingine ambalo tumelitengeneza wenyewe: vituo vingi humtaka mama aje na mume siku ya kwanza, kwa nia njema ya kupima virusi vya Ukimwi wote wawili. Hapa hapa mkoani Mbeya watafiti walijaribu barua rasmi za kuwaalika wenzi, na zaidi ya nusu ya akina mama walirudi na waume zao, kwa hiyo mwaliko una nguvu. Lakini mwaliko ni tofauti na sharti. Binti aliyekataliwa na aliyempa mimba, au mke ambaye mumewe anaendesha lori na yuko ng'ambo ya Tunduma, akisikia atarudishwa hadi alete barua ya mwenyekiti, hungoja. Anapopata ujasiri wa kwenda, wiki ya 24 imeshapita.

Kuna pia mama ambaye picha ya mapema itamletea habari nzito. Denmark tangu mwaka 2004 humpa kila mjamzito uchunguzi wa kasoro za maumbile, kisha uamuzi ni wake. Kwetu, Kanuni ya Adhabu hairuhusu mimba kutolewa isipokuwa kuokoa maisha ya mama, kwa hiyo uchunguzi una kazi nyingine: kujiandaa. Mtoto mwenye mgongo wazi akijulikana tumboni, familia inaweza kupanga ajifungulie wapi na afikishwe vipi kwa madaktari wa upasuaji, kwa mfano Taasisi ya Mifupa Muhimbili, kabla kidonda hakijaingiwa na wadudu. Habari hiyo ipewe mama kwa upole, akiwa amekaa, na mtu wa kumshika mkono. Ila kwa mgongo wazi kinga hutangulia picha: uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 baada ya mimba kutunga, wakati wanawake wengi bado hawajajua kuwa ni wajawazito. Tangu mwaka 2011 kanuni zinataka unga wa viwandani uongezwe virutubisho, asidi ya foliki ikiwemo, lakini sisi mahindi yetu tunayapeleka kwenye mashine ya kusaga ya mtaani. Vidonge vya foliki vinapaswa kumfikia msichana anayepanga kuolewa, si mjamzito wa miezi sita.

Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya inaweza kuanza. Sera ya afya ya 2007 inasema huduma za mjamzito ni bure; basi utrasaundi ya kwanza, kabla ya wiki ya 24, iwe bure kwa vitendo, na tarehe yake iandikwe kwa wino mwekundu kwenye kadi, isibadilishwe na picha ya baadaye. Wataalamu pia si lazima tuwangoje miaka: watafiti wa Zambia na Marekani walionyesha mwaka 2024 kwamba mtu asiye mtaalamu, akipitisha kifaa kidogo juu ya tumbo huku programu ya kompyuta ikisoma, hupata umri wa mimba karibu sawa na bingwa. Kifaa cha namna hiyo kinastahili kuwa Ilembo. Na sharti la mume liondolewe kabisa mlangoni mwa kliniki.

Shemeji alijifungua tarehe 29 Machi, saa nane usiku, mita chache kutoka barabara kuu, kwa sababu alishika picha ya kwanza na kushuka mapema. Nawe dada unayesoma haya, mwezi mmoja ukipita bila kuona siku zako, usingoje tumbo lijulikane. Nenda kliniki wiki hiyo hiyo, na kabla hujaondoka waulize: mimba yangu ina wiki ngapi, na mmejuaje?