Msingoje mchoraji afe

Vijana wenzetu wa Bunia, wa Ituri na wa Kongo nzima,

Mchoraji akifa katika nchi hii, ndipo wakubwa wanakumbuka njia ya shule ya sanaa. Picha yake inawekwa mbele, maua yanaletwa, mahotuba yanasomwa. Hatukatai shule ilie watu wake. Akademi ya Sanaa ya Kinshasa, iliyoanza mwaka 1943 kule Gombe-Matadi, iko na haki hiyo. Lakini tunauliza: maua yakishakauka, tablo ziko wapi? Nani anaziona?

Mwaka 2015 tulipoteza Pierre Bodo, tukapoteza na Bodys Isek Kingelez, yule mwenye kujenga miji ya karatasi. Mwezi wa saba wa mwaka ule ule, Fondation Cartier ya Paris ikafungua maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo. Mwaka 2018 kazi za Kingelez zikaonyeshwa MoMA, New York. Paris iliona. New York iliona. Mtoto wa Mudzi-Pela ao wa Nyakasanza ataona wapi?

Kuna mfano unaouma zaidi. Tshibumba Kanda-Matulu wa Lubumbashi alijifunza kuchora mwenyewe. Miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi hii, Lumumba akiwa ndani, kwa tablo zaidi ya 100. Alimweleza mtafiti Johannes Fabian maana yake kwa Kiswahili, Kiswahili chetu hiki cha Kongo. Leo tablo hizo ziko Uholanzi, kwenye makumbusho yaliyoitwa Tropenmuseum mpaka mwaka 2023. Yeye mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hata kaburi la kuwekea maua halijulikani. Huyu hotuba yake mtaisomea wapi?

Wengine watasema: Ituri iko chini ya état de siège tangu Mei 2021, watu wanalala kambini, na ninyi mnaongea habari ya rangi? Ndiyo, tunaongea. Ripoti za vita yetu zinaandikwa Kifaransa na Kiingereza, zinapelekwa mbali. Mama wa kambini hazisomi. Tablo anaisoma. Yule kijana anayechora leo bango la saluni na la duka ndiye anaweza kuacha ushuhuda wa miaka hii. Akifa bila mtu kununua tablo yake hata moja, ushuhuda unazikwa naye.

Kwa hiyo tunadai:

1. Shule za sanaa zisiishie kwenye hotuba. Mchoraji akiaga, kazi zake ziorodheshwe, zipigwe picha, nakala zifike shule za majimbo yote, Bunia pia.

2. Serkali ya jimbo inunue kila mwaka kazi za wachoraji wa hapa wangali hai, iziweke mahali ambapo raia anaingia bure.

3. Sheria ya 5 Aprili 1986 juu ya haki za watunzi itoke kwenye karatasi. Mjane na yatima wa mchoraji wapate chao.

Sisi wenye diploma bila kazi tunaujua ugonjwa huu: siku ya kolasio unapigiwa makofi, kesho yake hakuna anayekujua. Wachoraji wanafanyiwa vile vile, tofauti ni kwamba makofi yao yanapigwa wakiwa ndani ya sanduku.

Ukipita leo mbele ya ukuta uliochorwa vizuri, uliza jina la aliyeuchora. Mlipe angali anasikia.