Jina Halikati

Wahenga walituachia methali kwamba mchagua jembe si mkulima. Walikuwa wakimsema mvivu, yule anayegeuza mipini kivulini mpaka mvua ikakatika. Hawakusema kwamba mkulima asilijue jembe. Lakini sisi warithi wao tumeifanya methali hiyo kuwa mto wa kulalia. Anayeuliza juu ya ubora wa kitu huambiwa anajifaragua, na kila kibovu hupata wakili wa kukitetea.

Majuzi nilitoa barazani kisu cha kukunja cha Kiingereza, cha namna ya zamani, nikakiweka wazi mbele ya wenzangu. Mzee mmoja alikitwaa, akavaa miwani, akausoma mhuri uliopigwa kwenye shina la bapa, kisha akanirudishia bila hata ya kukifunga. "Sheffield hii, bwana," akasema. "Unataka nini tena?" Kijana aliyekaa pembeni akacheka. "Ami, kisu ni kisu. Hata cha gengeni kinakata." Kwa juu juu, wawili hao walipingana. Mimi nasema walikubaliana: wote wawili walikataa kukitazama kisu.

Msomaji wa mashairi ataniuliza, kisu kinatuhusu nini? Kinatuhusu sana. Waingereza hadi leo hukiita kisu kidogo cha mfukoni kwa jina la kalamu, kwa kuwa ndicho kilichochonga kalamu zao za manyoya ya ndege. Na huku kwetu, waliotunakilia tenzi kwa herufi za Kiarabu walichonga kalamu za matete. Ncha ikikatwa vibaya, wino hutapakaa na herufi huharibika. Kabla ya kalamu palikuwa na kisu, na aliyekidharau kisu aliandika vibaya.

Tuanze na hilo jina. Sheffield ni mji wa kaskazini mwa Uingereza, na sifa yake si ya kuzuliwa. Chaucer, mshairi aliyefariki mwaka 1400, alimsimulia mwenye kinu mmoja aliyebeba kisu cha Sheffield ndani ya soksi yake ndefu. Mwaka 1624 mafundi wa visu wa eneo hilo walipata chama chao kwa sheria ya Bunge. Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman aliyeyusha chuma ndani ya vyungu vya udongo akapata feleji safi kuliko iliyokuwapo, na mwaka 1913, katika mji huo huo, Harry Brearley akatengeneza chuma kisichoshika kutu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini asisahau mtu kwamba yule mwenye kinu wa Chaucer alikuwa mwizi wa unga wa wateja wake. Kisu cha Sheffield hakikumfanya mwaminifu.

Sifa iliyozaliwa na kazi iligeuka yenyewe kuwa bidhaa. Katika karne ya 19 mafundi wa Sheffield walilalamika kwamba visu vilivyofanywa nchi nyengine, Ujerumani ikiwamo, vinauzwa vimepigwa jina la mji wao, na mwaka 1887 Uingereza ikatunga sheria ya kuzuia alama za uongo kwenye bidhaa. Naam, wageni walizuiwa kuliiba jina. Lakini nani angewazuia wenyewe kuliuza? Joseph Rodgers & Sons na George Wostenholm, nyumba mbili zilizoshindana kwa vizazi, ziliunganishwa mwaka 1971, na baadaye majina yao yakanunuliwa na kuuzwa kama vitu vya mnada. Sisemi kwamba kila kilichopigwa mihuri hiyo baadaye ni kibaya; vizuri vipo. Nasema mhuri hauwezi tena kukulia kiapo.

Tena hata zama zake za fahari, mhuri ule haukuwa jina la aliyekifanya kisu. Visu vingi vilipita mikononi mwa mafundi wadogo waliojulikana mjini kama mabwana wadogo: mtu na benchi lake, chumba cha kukodi, kazi ya kuhesabiwa kwa dazeni. Mmoja alifua, mwengine alinoa, mwengine aliunga, na kampuni ikapiga jina lake. Wanoaji walikaa juu ya mawe yanayozunguka wakivuta vumbi, na wengi walikufa vijana kwa maradhi ya mapafu. Anayenunua jina humpa heshima mwenye jengo. Anayeitazama kazi humpa heshima aliyekohoa. Stan Shaw, aliyeingia kazini na umri wa miaka 14 na kufariki mwaka 2021, alifanya visu vya kukunja kwa mkono wake takriban umri wake wote. Ni wangapi waliomtangulia ambao hatuwajui hata kwa jina moja?

Na mpini? Hapa ndipo wapenda mapambo wanaponichosha. Watakwambia kisu bora ni cha mpini wa pembe ya ndovu. Sisi wa visiwa hivi tungekuwa wa mwisho kusema hivyo. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kuu la pembe katika upande huu wa Afrika. Zilishushwa kutoka bara mabegani mwa watu, wengine wao watumwa, zikapakiwa kwenda Bombay, London na Marekani, na viwanda vya Sheffield vilikuwa walaji wakubwa wa pembe za Afrika. Pembe haikati wala haishiki makali. Ni kitambulisho cha utajiri tu. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na sheria ya Uingereza ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inazuia hata kuuza vya zamani, ila vichache vilivyosamehewa. Pembe ya ng'ombe, mfupa au mti mgumu hufanya kazi ile ile, na mkono haujui tofauti.

Basi kisu hupimwa vipi? Kwa macho, masikio na vidole. Kikiwa kimefungwa, kielekeze kwenye mwanga: kati ya kamani ya mgongoni na vibati vya shaba vya pembeni pasipenye nuru. Pitisha kidole mgongoni kikiwa kimefungwa, kisha kikiwa wazi. Pasiwe na ngazi mahali kamani inapokutana na bapa. Tia ukucha kwenye mfuo wake ukifungue. Kamani njema hukataa kidogo, kisha hutii, na mwisho hutoa mlio mkavu. Iliyolegea huburura kimya. Shika bapa ulisukume kulia na kushoto: likicheza, ribiti haikufungwa sawa au imekwisha. Likifungwa, lilale katikati bila ya kukwaruza pembeni, na ncha izame isichune mfuko. Makali yasiigonge kamani, la sivyo kila unapokifunga unakitia butu.

Cha zamani kina mitihani yake. Bapa jembamba, fupi kuliko nafasi yake, limeliwa na kinoo. Linalong'aa kama kioo huku mhuri wake umefifia, limesuguliwa ili kuficha mashimo ya kutu. Feleji ya kale ikiwa na rangi ya kijivujivu haina aibu. Hiyo ni rangi ya matumizi. Katika hewa yetu ya chumvi itataka kufutwa na tone la mafuta ya cherehani. Asiyetaka tabu hiyo achukue chuma kisichoshika kutu, wala asione haya.

Kijana wa barazani atasema haya ni mambo ya wenye fedha. Ni kinyume chake. Tajiri akinunua kibovu hununua chengine. Maskini ndiye asiyeweza kununua mara mbili. Vipimo nilivyovitaja havihitaji senti. Kwa vipimo hivyo kisu kisicho na jina, cha mpini wa mfupa, kinaweza kukishinda chenye mhuri wa wafalme, na kwa bei ya chini. Tukiacha kupima, tumewaachia wauzaji watupimie.

Nami sijitoi. Kisu kile nilichokitoa barazani nilikinunua Uingereza, katika soko la Jumapili, kwa fedha nyingi kuliko nilizostahili kutoa, kwa sababu nilisoma jina nikayeyuka. Muuzaji simtaji, hakunidanganya kwa neno hata moja. Aliuweka mhuri juu, nikajidanganya mwenyewe. Nilipofika nyumbani ndipo nilipolisukuma bapa likacheza kama jino la mtoto.

Ndivyo tunavyosoma na mashairi siku hizi. Mmoja husoma jina la mtunzi akasema basi, mwengine husema shairi ni shairi, na hakuna anayehesabu mizani wala kusikiliza kama kina cha kati kimeitikia. Aliyezoea kukubali kisu bila ya kukifunga atakubali na ubeti bila ya kuughani. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipewa kisu usianze na miwani. Kifunge, kifungue, kisukume, sikiliza. Ukisharidhika, ndipo uvae miwani usome nani aliyeweka jina lake hapo.