Minyoo ya Ziwani na Siri ya Kinga ya Mwili

Siku ya kugawa dawa za minyoo, mwalimu wa shule ya msingi iliyo kando ya Ziwa Victoria hugeuka tabibu. Huko Mbita, Rusinga na Mfangano katika Homa Bay, hali kadhalika Karungu na Muhuru Bay katika Migori, watoto hupanga foleni, kila mmoja akasimama kando ya ufito uliotiwa alama, na idadi ya vidonge vyake vya kichocho ikaamuliwa kwa kimo chake. Kidonge cha minyoo ya tumbo ni kimoja tu. Wale waliotoka nyumbani bila kutia kitu kinywani hushikwa na kichefuchefu, na jioni mzazi mmoja au wawili hunung'unika kwamba mtoto alikwenda shuleni mzima akarudi mgonjwa. Kazi hii imekuwa sehemu ya maisha ya shule zetu tangu kampeni ya kitaifa ya mwaka 2009, na hasa tangu mpango huo ulipoanzishwa upya mwaka 2012.

Si wengi wanaofahamu kwamba mnyoo huyo tunayemfukuza kwa vidonge amewashughulisha wataalamu wakubwa wa Ulaya na Marekani ya Kusini kwa sababu nyingine kabisa. Yafaa walimu na wanafunzi wetu waifahamu sababu hiyo, maana nusu ya habari hii ikiwafikia wazazi bila nusu ya pili, madhara yatakuwa makubwa.

Tumezoea kufundisha kwamba chembe nyeupe za damu ni askari, na kwamba askari wengi ndio afya njema. Mfano huo unafaa mtoto wa darasa la tano, lakini una kasoro. Jeshi lisilo na wa kulizuia huweza kuuchoma mji wake lenyewe. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alionyesha kwamba kuna chembe za aina ya T ambazo kazi yake si kushambulia bali kuwatuliza wenzao. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani, wakichunguza panya waliozaliwa na ugonjwa wa mwili kujishambulia, waligundua jeni ambayo ikiharibika maradhi ya namna hiyo huzuka. Sakaguchi naye akathibitisha baadaye kwamba jeni hiyo ndiyo inayoongoza kukua kwa chembe hizo za kudhibiti. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwezi Oktoba 2025.

Chembe za kudhibiti zikipungua au zikilegea, kikulacho huwa ki nguoni mwako. Mojawapo ya maradhi yanayotokea ni maltipo sklerosisi, ambamo kinga ya mwili huutafuna utando wa mafuta unaozifunika neva za ubongo na uti wa mgongo, mfano wa panya aguguniaye mpira unaofunika waya wa umeme. Mgonjwa, mara nyingi mtu mzima kijana, na wanawake kuliko wanaume, huona ukungu katika jicho moja, hufa ganzi mkono, hulegea miguu. Kisha hupata nafuu, akadhani yamekwisha, nayo yakarudi. Mwaka 2020 wagonjwa wa namna hii walikadiriwa kuwa milioni 2.8 duniani. Wengi huishi katika nchi za baridi. Karibu na Ikweta ugonjwa huu ni nadra.

Kwa nini nadra? Sababu zinazotajwa ni kadhaa: jua, nasaba, umri ambao mtoto huambukizwa virusi fulani. Minyoo nayo imo. Mnyoo hawezi kuishi miaka mingi tumboni mwa mtu endapo kinga ya mtu huyo i macho, kwa hiyo yeye huzichochea chembe za kudhibiti ziongezeke, na chini ya kivuli chao akajistarehesha. Mwaka 2007 watafiti wa Buenos Aires, Argentina, walitangaza habari za wagonjwa 12 wa maltipo sklerosisi waliokuwa pia na minyoo, wakilinganishwa na 12 wasio nayo, kwa zaidi ya miaka minne. Wenye minyoo walishambuliwa mara chache sana, na chembe zao za kudhibiti zilikuwa nyingi zaidi. Mwaka 2011 watafiti hao hao walieleza kwamba wanne kati yao walipopewa dawa za minyoo, ugonjwa wa neva ulichachamaa upya.

Hapa ndipo penye hatari. Twaweza kumsikia mwanafunzi mwerevu akiuliza: kama ndivyo, mbona mwatumezesha vidonge? Mwalimu asiyejua jibu atamnyamazisha, na mwanafunzi atakwenda nalo swali nyumbani, ambako litageuka kuwa fununu kwamba wazungu wenyewe wamesema minyoo ni dawa.

Jibu lipo. Kwanza, wagonjwa wale walikuwa wachache mno, tena watu wazima ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa neva. Pili, watafiti wa Nottingham, Uingereza, waliwatia wagonjwa minyoo ya safura kwa makusudi, chini ya uangalizi, wakiwalinganisha na wasiotiwa, jumla yao 71. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba chembe za kudhibiti ziliongezeka, lakini nafuu iliyopatikana haikutosha kuthibitisha kwamba mnyoo ni tiba. Tatu, na hili kwetu ndilo zito, mtoto wa Nyatike au wa Suba hana maltipo sklerosisi ya kutulizwa. Alichonacho ni safura inayomnyonya damu akasinzia darasani, na kichocho kinachomvimbisha ini na wengu. Kumwachia minyoo ili akingwe na ugonjwa ambao kwa yakini kubwa hataupata kamwe ni kumwibia mtoto afya yake.

Baadhi ya wataalamu wamekwisha kuachana na wazo la kumtegemea mnyoo na kuutafuta ufunguo wenyewe. Huko Gdańsk, Poland, madaktari waliwatoa wagonjwa damu, wakazichambua chembe za kudhibiti, wakazikuza ziwe nyingi, wakawarudishia wenyewe, baadhi katika mshipa na wengine katika maji ya uti wa mgongo. Wagonjwa walikuwa 14, na ripoti ilitoka mwaka 2021. Njia hiyo ilionekana kuwa salama. Kwamba inaponya, bado. Yahitaji maabara safi kupindukia na gharama inayotisha hata hospitali za Ulaya, na anayewaambia wasomaji wetu kwamba tiba hii yabisha hodi anawahadaa.

Lakini je, hatuna mgonjwa hata mmoja? Neno "nadra" lina mtego. Ugonjwa huu huthibitishwa kwa picha za ubongo zinazopigwa kwa mtambo wa sumaku, na mtambo huo hauko katika zahanati ya kijijini. Mwanamke wa Migori ambaye miguu humwisha nguvu kisha ikapona, kisha ikamwisha tena, huenda akahukumiwa kuwa amerogwa au amepatwa na chira kabla hajaonwa na daktari wa neva. Mwalimu aliyewahi kusoma habari za chembe hizi angalau atajua kumwambia jamaa yake ampeleke hospitali.

Nasi tusijione kuwa watazamaji tu katika elimu hii. Dawa mpya ya kichocho kwa watoto wadogo, kuanzia wa miezi mitatu hadi miaka sita, ilifanyiwa majaribio katika Kodivaa na hapa kwetu Homa Bay, na mwezi Desemba 2023 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulitoa kauli ya kuiunga mkono. Kabla ya hapo, watoto wa umri huo walikuwa wakipitwa na ufito ule wa shuleni, kwani hawajafika shule. Wazazi wa Homa Bay walikubali watoto wao wawe miongoni mwa wa kwanza kuijaribu. Ni haki yao dawa hiyo ifike katika vituo vyao vya afya mapema kuliko kwingineko, na serikali za kaunti hizi mbili ziwaeleze, katika bajeti ijayo, zimetenga fedha gani za kuifikisha. Vidonge vingi vya shuleni ni msaada wa makampuni yanayovitengeneza, unaopitia Shirika la Afya Duniani. Vyoo vya shule na maji safi si msaada wa mtu. Mtoto anayemeza kidonge asubuhi na kuteka maji ziwani jioni, miguu ikiwa majini penye konokono wa kichocho, atasimama tena kando ya ufito mwaka ujao, na mwalimu wake atamhesabia vidonge vile vile.