Viongozi, usingizi wa basini hautoshi

Timu ikitoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kwa basi, zaidi ya kilomita 800, ikifika Nyololo wachezaji wengi wanasinzia vitini. Viongozi wanasema wamelala. Wapi! Usingizi una hatua: mwepesi, mzito, kisha wa ndoto, na mzunguko mmoja ni kama dakika 90. Ule mzito ndio unaoukarabati mwili. Hospitalini hupimwa kwa nyaya zinazobandikwa kichwani, kando ya macho na kidevuni; saa ya mkononi inakisia tu. Basi likiruka matuta, mchezaji anashtuka kabla hajazama. Klabu isiyo na nauli ya ndege iondoke siku mbili kabla, vijana walale kitandani. Miguu ikiwa mizito pale Sokoine, tusimsingizie kocha.